Posho Haimnyang'anyi Mtu Uanaume

Kuna maelezo ambayo Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, yamerudiwa mara nyingi hata hakuna anayejisumbua kuyahoji. Mwanamume wa kambi ya wakimbizi, yanasema, si mwanamume tena. Shamba lake limebaki Burundi au Kongo, kazi haruhusiwi kufanya, unga wa wanawe unashushwa kwenye lori la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na mke wake anayaona yote hayo. Heshima imekwisha, uanaume umekwisha, na mtu aliyenyang'anywa uanaume wake hutafuta kuurudisha kwa kile alichobakiwa nacho, yaani ngumi. Utayasikia kwa viongozi wa zoni, kwa maofisa wa mashirika, kwa wachungaji, kwa watafiti waliokuja wakaondoka, na wakati mwingine kwa wanawake wenyewe waliopigwa.

Maelezo hayo yana huruma ndani yake, na pengine ndiyo sababu yameaminiwa upesi. Lakini si ya kweli, na watu wanaumia kwa sababu yake.

Chimbuko lake linajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Simon Turner, mwanaanthropolojia kutoka Denmark, alifanya utafiti katika kambi ya Lukole wilayani Ngara, kaskazini mwa Kibondo. Wanaume wa Kirundi walimlalamikia kwamba UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, imekuwa mume bora kuliko wao: ndiyo inayolisha, ndiyo inayotoa turubai la kuezekea, kwa hiyo mke hana tena sababu ya kumsikiliza mwenye nyumba. Baadaye Barbra Lukunka aliandika kuhusu kambi ya Kanembwa, Kibondo kwenyewe, katika makala iliyochapishwa na jarida la International Migration mwaka 2012. Alieleza jinsi wanaume walioshindwa kuzilisha familia zao walivyojiona wamehasiwa, na jinsi hali hiyo ilivyofungamana na ukatili. Ni kazi makini, zote mbili. Ila lalamiko la wanaume fulani, wa wakati fulani, liligeuzwa na waliokuja baadaye kuwa kanuni ya maumbile: ukimtoa mwanamume kwenye kazi ya kulisha, umemtoa kwenye jinsia yake.

Wanaopenda kusimulia utafiti wa Turner huishia kwenye lalamiko. Hawafiki pale anapoonyesha kwamba vijana wengi wa Lukole walijijenga upya kwa njia zao: wakawa viongozi wa mitaa, wakaajiriwa na mashirika, wakafungua biashara ndogo, wakaingia kwenye siasa za kambi. Chakula kilikuwa kilekile cha msaada. Ina maana hisia ya kuwa mwanamume ilikuwa na mizizi mingine zaidi ya gunia la unga.

Tuanze na lile gunia, maana ndilo linalobeba hoja yote.

Siku ya posho, mama hutoka alfajiri na kadi yake na mifuko mitupu. Hukaa kwenye foleni hadi jua liwe kali. Anachopewa ni unga wa mahindi, njegere zilizopasuliwa, mafuta kwenye chupa, chumvi kidogo anayoifunga fundo kwenye pembe ya kitenge. Akifika nyumbani kazi ndiyo kwanza inaanza. Anapima kwa kopo, anagawa kwa siku, anaona haitoshi. Sehemu ya unga anaipeleka kuuza ili apate sabuni, dagaa na nyanya. Kisha kuni. Njegere kavu hazilainiki upesi, na kuni za karibu zilikwisha zamani, hivyo anatembea kutoka nje ya kambi, msituni au pembeni mwa mashamba ya wenyeji, huku akijua kilichowapata wenzake huko.

Lori halipiki. Anayesema UNHCR ndiyo inayolisha familia amefuta kwa sentensi moja kazi yote iliyopo kati ya gunia na sahani, na kazi hiyo ni ya mwanamke. Kama mlishaji ndiye mwanamume, basi kambini mwanamume ni mama aliyetoka kuokota kuni. Hakuna anayesema hivyo, kwa sababu kila mtu anajua ni upuuzi. Mama huyo hajihisi amegeuka mwanamume, anahisi amechoka.

Hapa ndipo hoja yao inapovunjika kabisa. Familia za Kirundi zilipovuka mpaka mwaka 1972, 1993 na tena 2015, walioacha mashamba nyuma walikuwa mume na mke. Katika vilima vya Burundi, kama ilivyo katika vilima vya Buha, nchi ya Waha upande huu wa mpaka, mwanamke ni mkulima wa kila siku. Migomba na kahawa vilihesabiwa kuwa vya mume. Maharage, viazi vitamu na mboga, yaani chakula chenyewe cha nyumbani, vilipita mikononi mwa mke. Alipofika kambi ya Nduta au ya Nyarugusu alipoteza jembe kama mumewe, alipoteza mbegu alizochagua mwenyewe, alipoteza jirani wa kubadilishana naye kazi na mama mzazi wa kumsaidia kujifungua. Mbona hakuna ripoti inayosema kwamba ukimbizi umemnyang'anya uanamke wake? Mbona hakuna anayetegemea kwamba, kwa uchungu wa kupoteza jembe, atampiga mtu? Hasara ni ileile, shamba ni lilelile. Mmoja ameombewa udhuru na mwingine ameambiwa avumilie. Tofauti hiyo haikutoka kwenye posho. Ilikuja nao kutoka nyumbani, na sisi wa upande huu tulikuwa nayo tayari.

Kuna pia tarehe ambazo maelezo haya hayapendi kuziangalia. Mwaka 1996, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, IRC, iliwauliza wanawake wa Kanembwa wenye umri wa miaka 12 hadi 49 kuhusu ukatili wa kingono. Karibu robo yao walisema wamefanyiwa tangu wawe wakimbizi. Huduma za kuwasaidia walioathirika Kibondo zilikua kutokana na majibu hayo. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba mikutano ya usawa wa kijinsia ndiyo iliyowavuruga wanaume wa kambini wameupanga mlolongo kinyume. Ukatili ulikuwapo kwanza, mikutano ikafuata.

Na ukatili huo haukuwa wa wakimbizi wa kiume peke yao. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 kuhusu kambi za Tanzania inaeleza tukio la Mei 1999 mkoani Kigoma, ambapo makumi ya wanawake wa Kirundi waliokuwa nje ya kambi walibakwa na kundi kubwa la wanaume Watanzania wa jirani. Washukiwa kumi na mmoja walifikishwa mahakamani, na kesi ikafutwa baada ya upande wa mashtaka kuchelewa kufika. Wanaume hao walikuwa na mashamba. Walikuwa na nyumba, uraia, na uhuru wa kwenda sokoni siku yoyote waliyotaka. UNHCR haikuwalisha. Ni kitu gani kilikuwa kimewaondolea uanaume wao?

Swali hilo lihamishiwe nchi nzima. Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa 2015/16 ulikuta kwamba wanawake 4 katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofika miaka 15. Asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja katika zile walizotajiwa. Sababu zenyewe ni kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, kubishana, kutowajali watoto, kukataa tendo la ndoa. Hakuna sababu hata moja hapo inayohusu kadi ya posho. Waliojibu ni Watanzania wenye mashamba na maduka, wenye mishahara na bodaboda. Ukiwaweka wanaume wa Nduta mbele ya takwimu hizo, utaona wanafanya kile ambacho majirani zao wenye kila kitu wanakifanya pia, na kwamba sisi tumeamua kuwatungia wao nadharia na kujisahau wenyewe.

Watu wa Kasulu na Kibondo wangekuwa wa kwanza kuikataa nadharia hiyo, laiti wangekumbuka babu zao. Chini ya ukoloni wa Waingereza, Buha ilifanywa ghala la vibarua. Waha walikuwa miongoni mwa manamba waliojaa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakiandikishwa na maajenti, baadaye wa SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, na kusafirishwa kwa malori na treni hadi upande wa pili wa nchi. Walioa wangali vijana, wakaondoka, wakarudi baada ya miaka, wengine hawakurudi kabisa. Huko mashambani walitambuliwa kwa kipande na walipewa posho: unga na maharage yaliyopimwa na mwajiri. Nyumbani, aliyelima, aliyelisha, aliyezika wazee na kupeleka watoto kwa mganga alikuwa mke.

Kwa kipimo cha leo wanaume hao walikosa kila kitu kinachomfanya mtu kuwa mwanamume. Hawakulisha familia kila siku, walipewa chakula kwa kipimo cha mtu mwingine, hata majina yao hayakuwa na maana kazini. Lakini wajukuu zao wanawataja leo kama wanaume wa shoka. Uanaume wao ulisimama juu ya mambo mengine: uvumilivu, kurudi, kutoa mahari ya mdogo wao, kumkumbuka mama. Ukoo ulijua kuwahesabia hayo. Hakuna aliyesema mwenye shamba la mkonge amekuwa mume wa wake zao.

Nyanda hizi zina kumbukumbu nyingine pia. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, aliyekalia kiti cha Mwami, yaani mtawala, wa Heru, hapo Kasulu, alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wanaume wa Heru walipeleka mashauri yao mbele yake na kusikiliza uamuzi wake. Waliporudi nyumbani jioni walikuwa wanaume walewale walioondoka asubuhi.

Burundi nako, mtu aliyeheshimiwa kuliko wengine kilimani alikuwa mushingantahe, mwamuzi aliyesimikwa hadharani baada ya kuchunguzwa kwa muda mrefu. Alipimwa kwa ukweli wake, kwa kutopendelea, kwa kujua kunyamaza na kutunza siri za watu. Ni kweli kwamba alitakiwa pia ajitegemee, asiwe mtu wa kuombaomba, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Inafaa ijibiwe kwa haki. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba mwanamume hupaswa kusimama kwa mikono yake mwenyewe huumia kweli anapopanga foleni. Lakini kujitegemea kulikuwa sifa moja kati ya nyingi, na tena hakukutosha: tajiri mwongo hakusimikwa. Sifa nyingine zote zinaweza kuishi kambini. Ukweli hauhitaji kibali cha kutoka. Kutopendelea hakukatwi na mgao. Wenye nadharia hii walizichukua sifa hizo zote wakaziweka pembeni, wakabaki na moja tu, ile ambayo serikali na mashirika yalikuwa yameizuia.

Hata mabaraza ya waamuzi yaliyofufuliwa kambini hayakuwa kimbilio la wanawake. Ripoti ileile ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 ilikosoa namna mashauri ya kupigwa yalivyoachiwa wazee wayasuluhishe, mke akirudishwa kwenye nyumba aliyoikimbia. Nani angemhukumu mume vikali, wakati kila mtu amekwisha kukubaliana kwamba naye ni majeruhi?

Kuna wanaume wanaoumizwa zaidi na nadharia hii kuliko wanawake tunaowatetea, nao hawatajwi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakitoka Kivu Kusini. Utafiti wa Kirsten Johnson na wenzake uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2010 ulikuta kwamba katika mashariki ya Kongo karibu asilimia 40 ya wanawake na karibu asilimia 24 ya wanaume walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Takriban mwanamume mmoja katika kila wanne. Watu hawa wamo kati ya waliovuka ziwa. Wamebeba jambo ambalo kijiji kikilijua kitawaambia neno lilelile: wewe si mwanamume tena. Hivyo wananyamaza, hospitali hawaendi, na wengine hukimbia wake zao kabla hawajaulizwa.

Kampala, wanaume wa Kikongo walionusurika na ukatili huo walikataa hukumu hiyo. Wakisaidiwa na Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere, waliunda chama chao na kukiita Men of Hope, wanaume wa tumaini. Wangeweza kuchagua jina lolote la kuficha. Walichagua kujiita wanaume, mbele ya watu waliokuwa wakiwaambia si wanaume. Hawakusubiri warudishiwe uanaume na mradi wowote, kwa sababu kwa maoni yao hakuna aliyeuchukua. Hao ndio wanaoijua jinsia yao kuliko mtaalamu yeyote wa semina, na kila shirika linalofanya kazi Nyarugusu lingepaswa kukaa chini na kuwasikiliza.

Kupima jinsia ya mtu kwa kipimo kimoja hakuko kambini tu. Ng'ambo ya mpaka wa Kibondo, katika uliokuwa mkoa wa Ruyigi, ndiko alikozaliwa Francine Niyonsaba, mshindi wa medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2019, kanuni za shirikisho la riadha duniani zilimwekea sharti: apunguze homoni ya testosteroni ambayo mwili wake unaitengeneza wenyewe, au aache mbio hizo. Hakukubali kwamba maabara ndiyo itakayomwambia kama ni mwanamke. Alihamia mbio ndefu, na Septemba 14, 2021, mjini Zagreb, aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka 2023 kanuni ziliongezwa makali zikazifikia na hizo mbio ndefu. Habari yake ni tofauti na ya baba wa Nduta kwa mengi, ila katika jambo moja zinakutana. Wenye mamlaka wamechukua kipimo kimoja, kiwe homoni au gunia, na kutangaza kwamba hicho ndicho mlango wa jinsia ya mtu. Yeye aliendelea kujijua.

Hakuna lolote kati ya haya linalopunguza dhuluma wanayoishi wakimbizi. Mkimbizi wa Kigoma haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Mpango wa kuwapa fedha taslimu Nyarugusu ulisimamishwa mwaka 2017, na masoko ya pamoja, ambapo Muha aliuza mihogo na Mrundi akauza ufundi wake, yalifungwa. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulishuka hadi nusu ya kiwango kinachostahili. Kijana mwenye nguvu anayeshinda barazani mwaka hadi mwaka anateswa, na anayekamatwa kwa kosa la kwenda kulima kibarua kijiji jirani cha Makere anateswa zaidi. Wapewe kazi. Masoko yafunguliwe. Lakini wapewe kwa sababu kufanya kazi ni haki ya binadamu, wapewe wanaume na wanawake kwa pamoja. Mradi unaomlenga baba peke yake, kwa jina la kumrudishia hadhi yake nyumbani, unamwambia kwamba nyumba ni ufalme aliopokonywa, na siku mradi ukifungwa ufalme utakuwa umepokonywa tena.

Mara nyingi anayetetea nadharia hii hudhani anamtetea mwanamume. Amtazame vizuri. Nduta kuna baba anayechota maji mkewe akiwa mgonjwa, anayesuka mikeka ya kuuza, anayemfundisha mwanawe hesabu kwa kijiti kwenye vumbi, na ambaye hajawahi kuinua mkono wake. Anakula posho ileile, anapanga foleni ileile, anazuiwa na kilomita zilezile 4. Nadharia haina nafasi yake. Ama inamfanya mwanamume pungufu ambaye bado hajalipuka, ama haimuoni kabisa. Huyo baba yupo, ni wengi, na hakuna aliyewahi kufunga safari kutoka Dar es Salaam au Geneva kwenda kumuuliza anavyojihisi kuwa mwanamume.

Basi waulizwe hao. Na wake zao pia waulizwe, kila mmoja mahali pake, bila kiongozi wa zoni kusimama mlangoni. Maofisa wa ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia na wazee wa mabaraza waache kumwambia mwanamke aliyepigwa kwamba mumewe ana msongo wa ukimbizi, maana yeye naye ni mkimbizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Inatumika Kibondo, inatumika Kasulu, na haikuweka msamaha kwa mtu yeyote kwa sababu chakula chake kimetoka kwenye lori.